Bogenvilia fupi ya majani ya rangi mbili: rangi nyingi, miiba michache

Ninayoizungumzia hapa si ile bogenvilia ya ukutani inayoparamia hadi paani na kuning'inia barabarani. Ni ile fupi, ya kichaka, inayotosha kwenye chungu, yenye majani ya kijani yaliyozungukwa na ukingo wa rangi ya krimu. Jina lake la kitaluni ni 'Raspberry Ice'. Machipukizi yake hutoka na wekundu kidogo; jani likikomaa wekundu unapotea na krimu inabaki, kisha juu ya hayo yote huja mashada ya waridi iliyokolea. Ukiipogoa inavyotakiwa haizidi mita moja kwa urefu, ingawa hutanuka pembeni. Na ina miiba, tena ya kutosha. Ipo nyingine ya majani ya rangi mbili iitwayo 'Thimma', iliyotokea India, ambayo manjano yake yako katikati ya jani badala ya ukingoni, na huzaa mashada meupe na ya waridi kwenye mmea mmoja. Ni nzuri, lakini ina nguvu na inataka kupanda juu. Ukiiweka kwenye chungu utashinda na mkasi mkononi.

Malalamiko yanayosikika sana kuhusu mmea huu ni yale yale: nimeununua umejaa rangi, nimeufikisha nyumbani, sasa ni majani na miiba tu. Mwenyewe anaongeza maji. Hauchanui. Anaongeza mbolea. Miiba inazidi. Jibu liko kwenye tawi lenyewe, na si lazima uwe mtaalamu kuliona.

Mwiba na shada hutoka mahali pamoja

Shika tawi moja na utazame kwapa la jani, pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi. Kila kwapa lina macho mawili, yaani vichipukizi vidogo, moja juu ya jingine. Jicho la juu ndilo lenye njia mbili: ama liwe shada la rangi, ama liwe mwiba. La chini hulala, likisubiri tawi likatwe ndipo lichipue tawi jipya. Kwa hiyo kila mwiba unaouona ni shada ambalo halikutokea.

Shada nalo si ua moja. Ni majani matatu mepesi kama karatasi, yenye rangi, na kila moja limebeba ua dogo jeupe la umbo la mrija lililoshikana na mshipa wake wa katikati. Kwa kuwa sehemu yenye rangi ni jani, hudumu wiki kadhaa hata baada ya kile kiua cha ndani kunyauka. Ndiyo maana bogenvilia hukaa na rangi muda mrefu kuliko maua mengi ya bustanini.

Kinacholipeleka lile jicho la juu kwenye mwiba ni ukuaji wa kasi. Kivuli, maji ya kila siku na naitrojeni nyingi hurefusha tawi haraka. Homoni ya kurefusha, jiberelini, huwa nyingi kwenye tawi la namna hiyo, na macho yake hugeuka miiba. Jua kali, chungu cha kubana na ukavu wa kiasi hupunguza mbio hizo, na macho yanageuka mashada. Kwenye nchi za mbali na ikweta siku fupi pia huchangia: bogenvilia huko hupenda kuchanua usiku unaporefuka. Kwetu mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, hivyo kilichobaki mikononi mwako ni jua, maji, mbolea na mkasi.

Asili ya mmea ni Amerika ya Kusini. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa aliyesafiri kwenye msafara wa Louis-Antoine de Bougainville, aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767, na jina la nahodha likabaki kwenye mmea.

Jua, na ukuta mweupe wa Pwani

Saa sita za jua la moja kwa moja kwa siku ndicho kiwango cha chini. Baraza lenye paa halifai, hata kama linaonekana lina mwanga. Macho ya binadamu hudanganyika, ya bogenvilia hayadanganyiki. Chungu kikikaa barazani miezi miwili utaona pingili zimerefuka, majani yametanuka, ukingo wa krimu umefifia na kila kwapa lina mwiba.

Ila hii ya rangi mbili ina udhaifu ambao ile ya kijani haina. Sehemu ya krimu haina klorofili, ile kijani ya jani. Haitengenezi chakula, na inaungua mapema. Kwenye jua la mchana la Tanga au Mombasa, mmea ukiegemezwa ukuta mweupe unaotazama magharibi, ukingo wa majani ya upande wa ukutani hukauka na kuwa kahawia. Wengi hudhani ni ugonjwa na kupiga dawa. Sogeza chungu nusu mita kutoka ukutani, basi. Mahali pazuri kuliko pote ni panapopata jua tangu asubuhi hadi saa nane au saa tisa mchana, kisha kivuli chepesi.

Mche uliotoka chini ya neti ya kitalu usiuweke juani siku hiyo hiyo. Mpe jua la asubuhi tu kwa siku tatu nne, kisha ongeza, hadi kufikia siku ya kumi uwe juani kabisa.

Chungu na udongo

Chungu kikubwa ni kosa la kwanza la watu wakarimu. Mche ulio kwenye kiriba cha sentimita 15 uhamishie kwenye chungu cha sentimita 20 hadi 22, si zaidi. Mizizi ikiwa na nafasi kubwa, mmea hutumia miezi kuijaza, na wakati huo wote hutoa majani na miiba. Baadaye ongeza sentimita 5 za upana kila baada ya miaka miwili au mitatu. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu ukuta wake unapumua na udongo hukauka sawasawa. Ukitumia plastiki, punguza maji.

Mchanganyiko unaofaa, ukipima kwa kopo moja: makopo manne ya udongo mwekundu tifutifu, matatu ya mchanga mnene wa mtoni, mawili ya samadi iliyooza kabisa, na moja la makapi ya mpunga yaliyochomwa hadi kuwa meusi. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Samadi iliyooza ni ile isiyonuka na isiyo na joto ukiingiza mkono katikati ya lundo. Samadi mbichi ya kuku itaunguza mizizi kabla wiki haijaisha.

Pima upitishaji kabla ya kupanda. Jaza chungu mchanganyiko, mwagia lita mbili za maji. Yakisimama juu zaidi ya dakika moja, ongeza kopo jingine la mchanga au changarawe ndogo na uchanganye. Changanya, sisemi uweke changarawe chini ya chungu. Tabaka la mawe chini halisaidii kupitisha maji. Hupandisha tu ile sehemu ya udongo inayobaki chepechepe karibu na mizizi. Kipande cha neti ya dirishani juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Udongo wa Pwani wenye asili ya matumbawe una chokaa nyingi, na bogenvilia hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Chokaa ikizidi, chuma kipo udongoni lakini mizizi haiwezi kukichukua. Dalili yake ni majani mapya kuwa ya manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Kwenye aina ya rangi mbili dalili hii hujificha, kwa hiyo usitazame ukingo. Tazama sehemu ya katikati ya jani, inayotakiwa kuwa ya kijani. Vumbi la saruji na vipande vya plasta chini ya ukuta mpya huleta shida hiyo hiyo, na jivu la jikoni pia. Waliozoea kumwagia mimea jivu waache kwenye hii.

Kuhamisha bila kuua

Miche mingi ya bogenvilia hufa siku ya kupandwa, ingawa mwenyewe hugundua wiki mbili baadaye. Mizizi yake ni myembamba, inakatika upesi na haishiki udongo. Ukivuta shina kutoka kwenye kiriba, udongo unabaki kiribani na mizizi inakatika.

Mwagilia siku moja kabla, ili bonge la udongo liwe na unyevu wa kushikana lakini lisilowe. Andaa chungu kipya na shimo lake kabisa. Laza mche ubavu, pasua kiriba kwa wembe pande mbili kutoka juu hadi chini, ondoa kitako chake kwanza, kisha ubebe bonge lote kwa kiganja chini na uliingize shimoni likiwa bado limevikwa pande za kiriba. Likishakaa, chomoa plastiki kwa juu. Usawa wa udongo ubaki ule ule wa mwanzo, shina lisizikwe. Usichambue mizizi, usiikate ncha, usibonyeze kwa nguvu. Mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, weka kivulini siku tano hadi saba.

Bonge likivunjika kwa bahati mbaya, punguza matawi theluthi moja papo hapo ili majani yasidai maji ambayo mizizi haina, na uongeze wiki moja ya kivuli.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: chungu kikikaa moja kwa moja juu ya ardhi, mizizi hupenya tundu la chini na kuzama. Ghafla mmea unapata maji na chakula bila mpaka, unaacha kuchanua na kurusha matawi marefu yenye miiba. Siku utakapokiinua kufagia, mizizi ile inakatika na majani yote yanapukutika kwa siku chache. Weka chungu juu ya matofali mawili tangu mwanzo.

Maji

Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Chungu cha sentimita 30 kitachukua kama lita mbili hadi tatu. Pakiwa na unyevu, ondoka. Kwenye kiangazi cha Januari na Februari Pwani hii inaweza kumaanisha kila siku au siku moja baada ya nyingine, wakati wa kipupwe kila siku tatu nne, na masika huenda usimwagilie kabisa. Sahani chini ya chungu ni ya kulinda vigae, si ya kuhifadhi maji, imwage.

Kulegea kwa majani saa saba mchana hakuna maana yoyote, ni joto tu. Yakiwa yamelegea saa kumi na mbili asubuhi, hapo kweli kuna kiu. Au, na hii ndiyo hatari, kuna mizizi iliyooza: dalili ni ile ile ya kulegea, lakini udongo umelowa. Anayeona majani yamelegea na kukimbilia ndoo bila kugusa udongo humaliza kazi ambayo uozo uliianza.

Maji ya kisima yenye chumvi huunguza ncha na kingo za majani, na ukingo wa krimu ndio wa kwanza. Kama huna mengine, kinga maji ya mvua kwenye mapipa, na mara moja kwa mwezi mwagilia chungu kwa maji hayo mara tatu mfululizo ili chumvi ishuke na kutoka.

Mbolea kidogo, tena kwa wakati wake

Chungu cha sentimita 30 kinahitaji kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kama gramu 5, cha mbolea ya NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano sawa) kila wiki sita wakati mmea unakua. Itawanye ukingoni mwa chungu, angalau sentimita 5 kutoka shinani, juu ya udongo wenye unyevu, kisha mwagilia. Ukianza kuukausha ili uchanue, simamisha mbolea. Urea na CAN, mbolea za naitrojeni nyingi, ni za mahindi. Hapa zitakupa miiba mirefu na majani ambayo krimu yake imefunikwa na kijani.

Kwa upungufu wa chuma, salfati ya chuma gramu 2 kwa lita moja ya maji, pamoja na matone machache ya sabuni ya maji, ipulizwe majani machanga jioni. Rudia baada ya wiki mbili. Funika vigae na ukuta kwanza, madoa yake ya kutu hayatoki. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi, kumwaga salfati hiyo udongoni ni kupoteza pesa, kwa sababu hubadilika mara moja na kuwa umbo lisilochukuliwa na mizizi. Chuma cha kicheleti (kilichofungwa ili udongo usikibadilishe) aina ya EDDHA hufanya kazi hata kwenye chokaa, ila ni ghali na hakipatikani kila duka la pembejeo.

Mkasi

Mashada hutokea kwenye matawi mapya. Tawi la zamani lisilokatwa huendelea kurefuka na kuchanua nchani tu, katikati kukabaki fimbo tupu zenye miiba. Kwa hiyo pogoa kila baada ya duru ya rangi, pale mashada yanapopauka na kuanza kudondoka yenyewe.

Kila tawi lililochanua likate ubakize macho mawili au matatu kutoka lilipoanzia. Kata nusu sentimita juu ya jicho, kwa mshazari, na uchague jicho linalotazama nje ili kichaka kifunguke katikati. Kwa jumla utakuwa umetoa theluthi hadi nusu ya mmea. Matawi yanayofyatuka kutoka chini ya shina, manene, yaliyonyooka na yenye miiba mikubwa, yaondoe kabisa, au yakate nusu kama kuna pengo la kuziba. Mkasi uwe mkali na uupanguse kwa spiriti kati ya mmea mmoja na mwingine.

Machipukizi mapya yakifika sentimita 10, bana ncha zake kwa kucha mara moja. Kila ncha iliyobanwa hutoa mbili au tatu. Baada ya hapo mkasi uwekwe kabatini. Hapa ndipo bogenvilia nyingi za uzio zinapoharibiwa: hukatwa kila wiki mbili kwa mkasi mkubwa ili uzio unyooke, na kila mara ncha zilizokuwa tayari kutoa rangi huanguka pamoja na majani. Uzio unanyooka, ndiyo, na hauchanui maisha yake yote.

Sasa unganisha mkasi na maji. Baada ya kupogoa, mwagilia kama kawaida wiki tatu hadi nne mpaka machipukizi yafike sentimita 15. Kisha anza kubana maji: subiri hadi majani yalegee asubuhi, halafu toa nusu lita tu. Fanya hivyo wiki mbili au tatu. Kwa aina hii ya rangi mbili usisubiri hadi majani yajikunje. Yakilegea tu inatosha, la sivyo ukingo utaungua. Utaona nukta ndogo za waridi kwenye makwapa karibu na ncha. Siku hiyo hiyo rudisha maji ya kawaida. Anayeendelea kubana baada ya nukta kutokea atayaona mashada yakipukutika yakiwa bado machanga. Tangu mkasi hadi rangi kamili ni kama wiki sita hadi nane.

Pwani, pogoa kubwa nafanya mvua za masika zinapoisha, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, rangi ije Julai na Agosti. Ya pili baada ya vuli, ili kiangazi cha Januari na Februari kifanye kazi ya kubana maji chenyewe. Kupogoa mwanzoni mwa masika ni kujitafutia kichaka cha miiba: mvua, mawingu na machipukizi mapya vinakutana.

Kijani kinapotaka kurudi

Rangi mbili za jani hili zinatokana na tabaka mbili za seli kwenye ncha ya tawi, moja yenye klorofili na nyingine isiyo nayo. Mpangilio huo haujatulia. Mara kwa mara jicho moja hutoa tawi la kijani kitupu, na kwa kuwa lina chakula kingi hukua haraka kuliko mengine. Ukiliacha msimu mmoja litakuwa refu, msimu wa pili litakuwa ndilo mmea, na ile ya rangi mbili itabaki vijitawi viwili vitatu chini yake.

Lifuate tawi la kijani hadi lilipoanzia, ulikate pamoja na kipande kidogo cha tawi mama chenye jicho lililolizaa. Kukata katikati hakusaidii, macho yaliyobaki yote yatatoa kijani. Tawi jeupe kabisa nalo likate. Halijilishi, linanyonya tu wenzake, na litaungua. Kagua kila mwezi, hasa baada ya kupogoa, kwa kuwa ndipo macho mengi hufunguka kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo hiyo, unaponunua usivutiwe na mashada. Pembua majani ya chini ya kichaka utafute tawi la kijani. Inua kiriba utazame kama mizizi inatoka; mizizi michache ni sawa, lakini mizizi iliyozama kitaluni itakatika ukiuchukua. Mche usio na ua hata moja, wenye matawi manne kutoka chini na krimu iliyo sawa kila jani, ni bora kuliko fimbo moja iliyojaa waridi.

Vipandikizi

Mbegu sahau. Chagua tawi lisilo na ua, lenye unene wa penseli, lisilo laini wala gumu kabisa, na lenye majani ya krimu iliyosawazika pande zote. Tawi lenye jani nusu nyeupe nusu kijani litakupa watoto wasiotabirika. Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye macho manne au matano, chini kata chini tu ya jicho, juu kata kwa mshazari ili usije ukakipanda kichwa chini. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo yakate nusu.

Chovya sentimita 2 za chini kwenye unga wa homoni ya mizizi wenye IBA (homoni yenyewe) asilimia 0.3, kung'uta uliozidi, toboa shimo kwa kijiti, ingiza, bana. Asali na mdalasini vinavyosifiwa mitandaoni si homoni ya mizizi. Udongo wa kipandikizi ni mchanga wa mtoni nusu na makapi ya mpunga yaliyochomwa nusu, bila samadi. Funika kwa mfuko wa plastiki mwangavu au chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako, weka kwenye kivuli cha neti inayozuia asilimia 50 ya jua, fungua dakika chache kila siku mbili.

Ya kijani hutoa mizizi wiki ya sita hadi ya nane. Ya rangi mbili huchelewa, na vipandikizi vingi zaidi hufa, kwa hiyo andaa mara mbili ya unavyohitaji. Majani madogo yakitokea wiki ya tatu si dalili ya mizizi; kipandikizi kinatumia akiba yake. Usikivute kuhakikisha. Subiri hadi kiwe na majani mapya sita hivi yaliyokomaa, au mizizi ionekane kwenye tundu la kiriba.

Wadudu na madoa

Majani yaliyoliwa kingoni kama yamechongwa, bila mdudu kuonekana mchana: ni viwavi vyembamba vya kijani au kahawia vinavyokula usiku na kujificha mchana kwa kujinyoosha kama kijiti. Toka na tochi saa mbili usiku, waokote. Majani yenye duara safi lililokatwa kana kwamba kwa mkasi: ni nyuki wakata-majani, wanajengea viota. Hawaui mmea, waache.

Pamba nyeupe kwenye makwapa na majani yanayonata ni wadudu waitwao vidung'ata. Mahali walipo, sisimizi hupanda na kushuka, kwa kuwa hula utamu wao na kuwalinda; usipowazuia sisimizi hao, dawa haitoshi. Paka mafuta ya mgando kwenye miguu ya meza au matofali yaliyobeba mmea. Kisha puliza mchanganyiko wa mafuta ya mwarobaini mililita 5 na sabuni ya maji mililita 5 kwa lita moja, jioni, chini ya majani, mara tatu kila baada ya siku saba. Jaribu tawi moja kwanza na usubiri siku mbili, kwani krimu inaungua upesi kwa sabuni.

Madoa ya kahawia iliyokolea yenye ukingo wa manjano wakati wa mvua ni bakteria. Hayana dawa ya maana. Okota majani yaliyoanguka, punguza matawi ya katikati hewa ipite, na usimwagilie kwa juu.

Kwenye baridi

Nairobi na Arusha, Juni hadi Agosti, mmea hupunguza kasi na wekundu wa machipukizi hukolea. Punguza maji, usipogoe. Penye sakitu (baridi inayogandisha umande), kama Limuru au Njombe, uingize chini ya paa usiku. Wanaoilea Ulaya au Amerika ya Kaskazini waiingize ndani kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10, mahali penye mwanga na baridi ya wastani, na kuinyima maji karibu kabisa hadi majira ya kuchipua. Itapukutisha majani. Kwaruza gome kwa kucha: pakiwa kijani iko hai. Muscat na miji mingine ya Ghuba hali hugeuka, joto kali la kiangazi ndilo huisimamisha, na rangi nzuri huja miezi ya baridi.

Vaa glavu za ngozi, za kitambaa hazizuii kitu, na miwani unapoingiza kichwa kichakani. Utomvu huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Mwiba ukizama, utoe wote, osha kwa sabuni, na kama hukumbuki chanjo yako ya mwisho ya pepopunda nenda zahanati. Matawi yaliyokatwa usiyatupe kwenye mboji: majani yataoza, miiba itabaki migumu, na miezi mingi baadaye utaikuta kwenye tuta la mchicha ukiwa umevaa kandambili. Yaanike juu ya bati yakauke, uyachome, na jivu lake ulipeleke kwenye migomba.